Maji ya Moto ya Fundi

Jua lilikuwa linazama Pamba aliporudi dukani kunoa wembe. Kesho asubuhi alikuwa na bwana harusi wa kunyoa, na bwana harusi hakatwi shavu. Wateja ndio waliompa jina la Pamba, kwa ulaini wa mkono wake. Wiki tatu hizi jina lilianza kumsuta, maana alikuwa ameshachana mashavu ya watu wanne, na wa nne alikuwa mwalimu mkuu, mtu asiyejua kunyamaza.

Alifunga mlango kwa komeo. Akauvuta mkanda wa ngozi uliotundikwa ukutani, akaukaza kwa mkono wa kushoto, akaufungua wembe. Huu haukuwa wembe wa kununua leo na kutupa kesho. Ulikuwa wa kukunja, wenye mpini wa pembe, na ulikuwa wa Fundi, mzee aliyemlea na kumfundisha kazi.

Fundi alikuwa na maneno yake. "Usiukabe kama umemkamata mwizi. Dole gumba hapa chini, vidole vitatu juu, kidole kidogo kipumzike kwenye kikia cha nyuma, hiki chuma kilichopinda. Mgongo utangulie, makali yafuate. Ukifika mwisho, ugeuzie mgongoni, usiunyanyue." Na kidole kidogo cha Pamba kikisimama, Fundi alikigonga kwa chanuo. Tk! Alisema kidole hicho husimama mtu akiwa na uongo moyoni, nao walicheka wee mpaka mbavu zikawauma.

Chwaa... chwaa...

Kidole kilikuwa juu. Akakishusha. Kikapanda tena.

Alijua kwa nini, na aibu ikamwaka masikioni.

Siku yake ya mwisho, wiki tatu zilizopita, Fundi aliomba anyolewe pale pale kitandani. Pamba akampaka povu, akanyoa shavu la kulia. Lakini chumba kilinuka dawa na jasho la ugonjwa, na mate yalikuwa yakimtoka mzee, na Pamba, aliyefutwa kamasi utotoni na mikono ya mzee huyo huyo, akamwonea kinyaa. "Maji yamepoa, Fundi," alisema. "Nakwenda kuchota ya moto." Akatoka, akakaa kibarazani kwa jirani akipiga soga hadi jioni. Hakurudi. Mke wa Fundi alipotoka kazini, alimkuta mumewe amekwisha kata roho, povu limemkaukia shavu la kushoto.

"Alinikatiza katikati, Mama," Pamba alimwambia alipoitwa. "Alikataa, akasema nimwache apumzike."

Yule mama akamshika mikono, akalia, akamshukuru kwa kumtunza mumewe hadi mwisho. Akampa wembe. Naye akaupokea! Utadhani alikatika mshipa wa aibu.

Chwaa... chwaa...

Akasimamisha mkono.

Chwaa...

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, pale alipoweka mataulo. Mkanda wa kunolea dukani ulikuwa mmoja tu, nao alikuwa ameushika yeye.

Kisha ikaja harufu. Sabuni ya Fundi... na ndani yake, dawa.

"Nani?"

Alipogeuka, kiti cha kunyolea hakikuwa kitupu. Mtu alikuwa amelala chali juu yake, taulo limemfunika uso. Na komeo lilikuwa pale pale, halijaguswa.

"Tumefunga, mzee wangu," Pamba alinong'ona.

"Malizia."

Miguu haikutaka, lakini ilikwenda. Akainua ncha ya taulo. Shavu la kulia lilikuwa laini. La kushoto... povu kavu, limepasukapasuka kama chokaa ya ukuta wa zamani.

Akauweka wembe shavuni. Kidole kikasimama.

Tk!

Kilichokigonga kilikuwa cha baridi. Hakukiona.

"Maji ya moto umepata?" sauti iliuliza chini ya taulo, polepole, bila hasira yoyote. Afadhali ingekuwa na hasira.

Pamba alitamani ardhi immeze.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Akaurukia mlango, akalivuta komeo. Nje alisimama mke wa Fundi, anahema, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, mkononi ana birika linalofuka mvuke.

"Mwanangu, u mzima? Nilikuwa jikoni, mtu akagonga dirisha. Sauti ilikuwa ya... Mungu anisamehe, ilikuwa ya marehemu. Kasema nikuletee maji ya moto. Eti umeyatafuta wiki tatu nzima."

Pamba akageuka. Kiti kitupu. Lilibaki taulo, na juu yake vipande vya povu kavu.

"Haya, maji yenyewe ya nini, mwanangu?"

Nyuma ya pazia mkanda uliendelea. Chwaa... chwaa... Mama hakuonekana kuusikia. Na uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, umeiva kabisa: ni ya bwana harusi, Mama, ya kesho. Pamba akautazama mkono wake. Wembe alikuwa bado ameushika, na kidole kidogo kilikuwa kimesimama wima.

"Kaa kitako, Mama," alisema, machozi yakimtiririka. "Fundi hakukataa."

Nyuma ya pazia mkanda ukanyamaza. Kisha mtu akavuta kigoda, akakaa kusikiliza.