Mguu Juu ya Mguu

Ilianza na kiatu. Dereva ambaye wenzake wote walimwita Taratibu aliamka alfajiri kama kawaida, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaingiza mguu wa kulia kwenye kiatu chake cha kazi, akauchomoa upesi. Ndani mlikuwa na joto. Si joto la chumba. Joto la mguu, kana kwamba mtu alikivaa usiku kucha na kukivua dakika hiyo hiyo. Akashika cha kushoto: baridi. Akamtazama mkewe aliyekuwa amelala fofofo, akataka kumwamsha, akajiuliza atamwambia nini. Akavaa, akaenda zake.

Jina la Taratibu hakupewa bure. Miaka ishirini na miwili ya kuendesha basi la abiria, hakuwahi hata kukwaruza kioo cha pembeni. Walimtania kwamba hata akikimbizwa na nyuki atasimama kwanza kupisha waenda kwa miguu. Lakini mwaka ule kampuni ilipunguza madereva, na waliobaki wakabeba zamu za watu wawili wawili. Taratibu alitoka nyumbani jua halijachomoza, akarudi watoto wameshalala. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akisema kwamba yeye ameolewa na koti, maana ndilo analoliona likining'inia mlangoni. Mwanzoni walicheka. Siku hizi hakuna aliyecheka. Uchovu ulikuwa umemwingia hadi kwenye meno.

Basi alilopewa lilikuwa na yake. Miezi miwili nyuma dereva mwenzake, Kipara, alikuwa akiliingiza kituoni mchana kweupe. Badala ya kusimama likanguruma, likapanda ukingo wa barabara, likawavamia waliokuwa wakisubiri. Walikufa wawili, mama na binti yake. Kipara aliapa kwamba alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mafundi wakalipima gari, wakakuta breki nzima. Kipara akawekwa mahabusu kungoja kesi. Basi likanyooshwa bati, likapakwa rangi, likarudi barabarani.

Siku ya tatu tangu joto la kiatu, ndani ya basi ikaja harufu, ya ngozi iliyoloana na nywele zilizoungua, ikipanda kutoka miguuni. Taratibu alifungua dirisha, akasafisha zulia, akamwomba fundi achungulie chini. Hakikuonekana kitu. Siku ya nne akasikia pumzi. Akiinua mguu, kitu chini ya kiti kilivuta pumzi, akikanyaga, kilishusha. Akajaribu kuinua mguu kidogo na kuuacha hewani, na pumzi nayo ikasimama, ikangoja pamoja naye.

Siku ya tano, saa saba mchana, watoto wa shule walikuwa wakivuka barabara, wameshikana mikono wawili wawili, na Taratibu, aliyewaona kutoka mbali kama alivyowaona maelfu ya watoto kabla yao, akapeleka mguu kwenye breki, akasikia kabisa breki chini ya unyayo wake, ngumu na pana, akaikanyaga, na basi likaruka mbele, akakanyaga zaidi na likazidi, na kila alivyozidi kukanyaga ndivyo alivyohisi juu ya mguu wake mguu mwingine, mzito, wenye vidole virefu vilivyomkunjia kifundo, ukimsaidia kukanyaga kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, mpaka mkono wake wenyewe, bila kuagizwa, ukavuta breki ya mkono na basi likapiga kelele, likayumba, likasimama hatua mbili kutoka kwa mtoto wa mwisho.

Abiria walilia na kutukana. Kondakta, mwanamke mtu mzima aliyefanya naye kazi miaka saba, aliketi kiti cha mbele, uso umemlowa jasho. Abiria walipokwisha kushuka alimsogelea, akanong'ona.

"Kaka, nilikuwa nakuangalia miguu. Hukugusa breki. Mguu wako ulikuwa kwenye mafuta tangu mwanzo."

"Niliisikia breki."

"Najua. Uso wako ulikuwa wa mtu anayefunga breki. Ndicho kilichonitisha."

Kampuni ilimpeleka kwa mkufunzi wa usalama, mwanamke mwembamba ambaye ripoti zake hakuna aliyezisoma. Hakumcheka. Alimweleza kwamba mambo haya yapo, na huwapata hata madereva wazuri: mguu hupotea njia kwa kipimo cha vidole viwili tu, gari likiruka mtu hushtuka, na akishtuka hukanyaga zaidi kile anachoamini ndicho breki. Akamuuliza jana alilala saa ngapi. Taratibu akafikiri sana, akashindwa kukumbuka. Mkufunzi akasema ameshaandika mara nne kwamba zamu zipunguzwe na nafasi kati ya breki na mafuta iongezwe, na mara nne meneja amemjibu kwamba basi halina kosa, kosa ni la dereva.

Maneno yale Taratibu aliyaamini. Lakini hayakumweleza vile vidole.

Kampuni ikamrudisha barabarani vile vile. Kesho yake, kabla ya zamu ya mchana, akaenda mahabusu kumwona Kipara. Alimkuta amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku. Alimpa pole, akazunguka mbuyu, hakujua aanzie wapi. Kipara akamtazama miguu.

"Kiatu kimeshaanza kuwa na joto?" akauliza.

Taratibu akauficha mguu wa kulia nyuma ya wa kushoto.

"Mimi niliwaambia," Kipara akasema polepole, kama mtu aliyesema jambo hilo mpaka likamchosha. "Nikaambiwa natafuta pa kujifichia. Yule binti alikuwa ananitazama, ndugu yangu. Alijua nitasimama."

Usiku ule Taratibu alimsimulia mkewe yote. Mkewe alizima cherehani, akampigia shangazi yake, mwanamke aliyejulikana kwa kutoa majini. Shangazi alikuwa mfupi, magoti mabovu, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi, na hakuwa mtu wa makeke. Alipofika yadi ya mabasi kesho yake adhuhuri, kitu cha kwanza alitaka kuonana na fundi, kwa sababu, alisema, yeye hawezi kutoa jini kwenye breki mbovu. Fundi akamwambia breki zile ni mpya kuliko ndoa yake. Ndipo shangazi akakubali kusukumwa kwenye ngazi za basi, akamketisha Taratibu kwenye usukani, akaweka kiganja juu ya goti lake la kulia, akasoma alichosoma kwa sauti ya chini. Mkewe, kondakta na mkufunzi walisimama nyuma. Nje, madereva waliacha vyakula vyao.

Harufu ikajaa. Kichwa cha Taratibu kikalala kifuani, macho wazi. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayesema chini ya blanketi.

"We nani?" shangazi akauliza.

"Mpangaji."

"Nani kakupangisha?"

"Mwenye nyumba hayupo. Macho yake yako wazi, yeye hayupo. Nilibisha hodi siku nyingi, sikujibiwa. Nikaingia."

"Na yule wa kwanza?"

"Naye hakuwepo."

"Toka."

"Nitatoka mwenyewe akirudi."

Shangazi akavua miwani, akajifuta macho, akawaambia jini lile halitaki mbuzi wala manukato. Mtu huyu alazwe hapa hapa, sasa hivi, na asiamshwe na yeyote mpaka aamke mwenyewe.

Meneja alikuja mbio akisema basi hilo linatakiwa barabarani baada ya dakika ishirini. Hakuna aliyebishana naye. Mkufunzi alichomoa ufunguo, akautia kwenye mkoba wake, akaufunga zipu. Na madereva, mmoja baada ya mwingine, wakaketi chini kwenye kivuli cha magari yao, kama watu waliokuwa wakingoja miaka mingi kuambiwa kaeni.

Taratibu alilazwa kiti cha nyuma, mkewe akampakata kichwa. Alasiri nzima alilala kama gogo, isipokuwa mguu wa kulia. Mguu ule ulikuwa macho. Ulijiinua peke yake na kukanyaga hewa, ukajiinua tena na kukanyaga, na mkewe, aliyekuwa amejiapiza hatalia, akautazama ukitafuta kitu cha kukanyaga huku mwili wote umetulia, ukitafuta polepole, kisha polepole zaidi, mpaka jua lilipokaribia kuzama ukalegea na kulala pamoja na mwenyewe. Hapo harufu ikapita kati ya viti, ikamgusa kondakta begani, na mlango wa basi, injini imezimwa na ufunguo uko mkobani, ukashusha pumzi, ukafunguka.

Taratibu aliamka kesho yake asubuhi, akaomba chai.

Meneja hakuamini habari za jini hata siku moja. Aliamini yadi iliyojaa mabasi yaliyolala siku mbili. Zamu zikakatwa, madereva wapya wakaajiriwa, pedali za breki zikapanuliwa na za mafuta zikasogezwa mbali nazo, nguzo za chuma zikasimikwa mbele ya vituo. Mkufunzi akapeleka mahakamani daftari la zamu za Kipara: siku ile alikuwa macho kwa saa kumi na tisa mfululizo, tangu jioni ya siku iliyotangulia. Taratibu akatoa ushahidi. Kesi ingali inaendelea, na mama na binti yake wangali chini ya udongo.

Mwezi wa tatu baada ya hayo, Taratibu, amelala vizuri, alisimama kwenye taa nyekundu. Kando yake likasimama lori la mizigo. Dereva wake alikuwa kijana wa watu, macho mekundu, ameinamisha kichwa chini ya usukani, na midomo yake ilikuwa ikisema na kitu kilichokuwa miguuni pake.

Taa ikawa ya kijani. Taratibu akasogeza basi hatua chache, akalikingamisha mbele ya lori, akavuta breki ya mkono. Nyuma honi zikalia, abiria wakaanza kulalamika, kondakta akauliza kuna nini. Taratibu alishuka, akapanda ngazi ya lori, akagonga kioo kwa kidole kimoja.

"Ndugu yangu," akasema, "umelala lini?"

Kijana alishusha kioo kidogo tu. Alimtazama kwa shukrani na hofu, akaweka kidole mdomoni, akaonyesha kwa macho chini, miguuni pake.

"Sema polepole," akanong'ona. "Ndiyo kwanza limesinzia."