Pumzi ya Kuingilia

Wewe, umewahi kusikia marehemu akivuta pumzi sikioni mwako? Basi tulia, usijifanye jasiri.

Kazini walimwita Digrii, kwa kejeli, maana binti wa watu alikuwa nayo na bado alifanya kazi bure redioni, eti "kupata uzoefu". Siku hiyo alipewa kanda ya albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya miaka ya themanini, bendi iliyosahauliwa hata na mashabiki wake. Mpiga dramu wa bendi hiyo alikuwa baba mzazi wa Digrii.

"Isafishe," meneja aliamuru. "Kila wimbo unaanza na huyo mwimbaji anahema kama mbuzi aliyeona kisu. Kata!"

Akakata. Kwenye kompyuta mstari wa sauti ukalala, flat kabisa. Lakini kwenye hedifoni pumzi ikaja vilevile, hhhaaa, ikamgusa shingo, na chumba kikanuka sigara, na hapo hakuna avutaye.

Simu ikalia. Mama.

"Mwanangu, baba'ko! Ameinua mikono kama ameshika vijiti vyake, macho yamemtoka, hapumui!"

Digrii akakumbuka mzee akisimulia kwamba bendi yao haikuwahi kuhesabu moja-mbili kama wengine, bali mwimbaji, Kaka Mkubwa, alivuta pumzi nao wote wakaingia na ala zao nyuma yake, na kwamba kabla hajafa aliwaapisha asiingie mtu bila pumzi yake, hivyo Digrii akazirudisha pumzi zile wimboni moja baada ya moja, huku kitu kisichoonekana kikimhemea kisogoni.

Simuni mzee akakohoa kama injini mbovu.

"Amepumua," mama alinong'ona. "Lakini anaongea na mtu, mwanangu. Na sebuleni niko mimi tu."

Digrii akatoka mbio hadi kwa meneja, simu ingali mkononi. "Bosi, please, lile faili usilitume!"

"Umechelewa, msomi. Nililichukua ulipomaliza kukata, nimeshatuma vituo vyote. Sikiliza, liko hewani. Safi!"

Kwenye spika ya korido wimbo ukaanza, bila pumzi. Simuni mama akapiga yowe.

Sasa nyie wakubwa wa vituo, mnaotumikisha vijana bure na kumkata marehemu pumzi ili awe "safi", acheni vikao vyenu. Zimeni huo wimbo. Sasa hivi! Mzee wa watu mikono iko juu tena, hapumui, anasubiri kuingia.