Dakika Hamsini Kutoka Kisumu

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu Peris, na tangu anieleze siwezi kukaa nikiwa nimeupa mlango kisogo.

Peris anaishi peke yake Kinanie, nje ya Nairobi, na kazi humpeleka Kisumu mara kwa mara. Nyanya yake wa kijijini Kivaa, ambaye Peris alimwita susu kwa Kikamba, alikuwa akimuuliza kila mara, huku akigonga kopo lake la ugoro kwa kidole: Kisumu hadi Nairobi kwa ndege ni mwendo gani?

"Dakika hamsini tu, susu. Iko siku nitakupandisha."

Susu akafa kabla ya siku hiyo. Alipozikwa, Peris alikuwa Kisumu kikazi.

Wiki iliyofuata alirudi kwa ndege ya jioni, kiti cha mwisho kabisa. Waliingia kwenye wingu zito, na taa zikazimwa wajiandae kutua. Akiwa anasinzia, alisikia kopo la ugoro likigongwa kwa kidole nyuma yake, ko, ko, ko. Kisha sauti ikauliza kwa Kikamba kama wamefika.

"Bado, susu. Zimebaki dakika kumi," akajibu kwa mazoea.

Usingizi ukamtoka. Akageuka. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na ukuta wa ndege tu.

Nyumbani Kinanie alikuta stima zimepotea. Alisimama mlangoni akipapasa kufuli gizani, huku akijiambia ni uchovu. Kabla hajaifungua, ndani ya nyumba aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe, kopo liligongwa mara tatu.

"Aa," sauti ikasema. "Tumefika."