Tangi la Ndege ya Baba

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, Kamshat hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alishuka ngazi hadi chumba cha chini cha shule, penye klabu ya kuunda ndege za mfano na kuzirusha kwa rimoti, akavua koti, akafunga aproni yake iliyojaa madoa ya oili na kuanza kazi. Wenzake walipenda kukata mbao laini na kubandika mabawa. Yeye alipenda injini. Alizifuta kwa kitambaa, akakaza skrubu zilizolegezwa na mtetemo, kisha akakagua rafadha, yale mabapa yanayozungushwa na injini, kwa kupitisha kidole ukingoni. Rafadha yenye ufa mdogo tu, ikizunguka kwa kasi, huweza kukatika na kumjeruhi mtu.

Siku hiyo Mwalimu Evald alikuwa akiwafundisha wadogo kuchanganya mafuta. Alikuwa Mjerumani mzaliwa wa hapo hapo mjini Karaganda, mtu mrefu mwenye sauti nzito, na wazembe hakuwavumilia hata kidogo.

"Nani ataniambia kwa nini tunatia oili kwenye petroli?"

"Ili itoe moshi mzuri!" akadakia mmoja, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Huo moshi mzuri utauona siku injini yako itakapokwama angani. Kamshat, hebu waambie."

"Injini hizi ni kama ile ya msumeno wa kukatia miti," Kamshat akasema. "Hazina mahali pa kutia oili peke yake. Oili inaingia pamoja na petroli. Ukisahau, chuma kinasuguana na chuma, kinapata moto, injini inakwama."

"Na ukimaliza kurusha?"

"Unamwaga mafuta ya tangini. Halafu unawasha injini inywe yale yaliyobaki kwenye kabureta mpaka ijizimikie." Hapo sauti yake ikapungua. "Yakilala humo muda mrefu yanakuwa kama gundi. Kiwambo cha kabureta, kile kingozi chembamba kinachovuta mafuta, kinakauka."

"Mmesikia? Huyo ndiye binti wa Berdibek," mwalimu akasema kwa fahari.

Watoto walipokuwa wakifunga mikoba, alimwita kando.

"Jumamosi ni karamu ya kutimia mwaka tangu baba yako afariki. Bibi yako hataki ndege yake iguswe kabla ya siku yenyewe. Mimi kurusha ndege isiyojaribiwa sipendi, lakini mila ni mila, na Berdibek alikuwa rafiki yangu. Niambie kitu kimoja tu, binti. Siku ile ya mwisho mlipoirusha, tangi lilimwagwa?"

Kamshat alikitazama kitambaa mkononi mwake.

"Ndiyo, mwalimu. Nililimwaga mwenyewe."

"Basi nimekuamini. Injini iliyolala kavu haina neno."

Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusikia baridi wala hakuona watu. Alikuwa amedanganya kwa mara ya pili kuhusu jambo lile lile, na mara ya kwanza ilikuwa imemkaa rohoni karibu mwaka mzima.

Ilikuwa hivi. Vuli iliyopita yeye na baba yake walirusha ndege nyikani, nje ya mji. Ilikuwa ndege kubwa ya njano, mabawa yake mapana kuliko kitanda, uzito wake kama wa mwanakondoo, na Berdibek aliitengeneza kwa mikono yake kwa miaka mingi. Jioni ile alilalamika kuwa kifua kinambana. Aliketi garini akamwambia Kamshat amalize kazi ya tangi. Upepo ulikuwa unachoma masikio, na simu ilikuwa imejaa ujumbe wa rafiki zake. Kamshat alizima swichi, akaipakia ndege nyuma ya gari kama ilivyokuwa, na mafuta yake ndani. "Tayari?" baba akauliza. "Tayari, baba," akajibu bila hata kumtazama. Alipoamka asubuhi, baba alikuwa ameshapelekwa hospitali. Hakurudi tena. Mazungumzo yao ya mwisho hapa duniani yakawa hayo, na jibu lake lilikuwa la uongo.

Baada ya mazishi, Bibi Rysbala alifunga gereji na kutia ufunguo kibindoni. Zamani mtu akifa, farasi wake alikatwa mkia na singa, asipandwe na yeyote mpaka karamu ya mwaka. Mwanawe hakuwa na farasi. "Alikuwa na hiyo ndege," bibi alisema huku akilia. "Ole wake atakayeigusa kabla mwaka haujatimia." Nani angebishana na mama aliyezika mtoto? Kamshat naye alinyamaza, na moyoni alifurahi kidogo kwamba mlango umefungwa. Furaha hiyo ilimtia aibu baadaye kuliko uongo wenyewe.

Juma la karamu nyumba haikuwa na nafasi ya kukanyaga. Shangazi walikaanga maandazi masufuria kwa masufuria, wajomba walileta kondoo, na bibi alimweleza kila aliyeingia jinsi mambo yatakavyokuwa: baada ya dua na chakula, ndege ya Berdibek itazunguka juu ya uwanja, halafu mashindano ya farasi yataanza chini yake.

"Wewe fundi oili, uiangalie vizuri ndege yako," Yersin alimtania. Huyu alikuwa mtoto wa baba mkubwa wake, mwembamba kama ufito, na ndiye angempanda farasi wa ukoo siku hiyo. "Farasi wangu akishtuka akanitupa, nakuja kukudai meno yangu."

"Meno yenyewe yamepinda, nani atayataka?"

"Nitataka mapya!"

Walicheka wote wawili, lakini Kamshat aliacha kucheka mapema. Mara tatu alimfuata mama yake jikoni ili amweleze, na mara tatu akaishia kuchukua sahani na kuondoka. Angeanzia wapi? Akisema tangi halikumwagwa, ataulizwa kwa nini. Akisema kwa nini, itabidi aseme alimjibu nini baba. Afadhali injini iwake tu, alijiambia, na mambo yaishe.

Jumamosi ikafika, kavu na yenye jua kali. Dua ilisomwa, watu wakala nyama wakashiba, maziwa ya farasi yakapita bakuli kwa bakuli. Ndipo bibi akatoa ufunguo, na wajomba wakaileta ndege nyikani kwa heshima zote. Mwalimu Evald alikagua mabawa, akajaribu usukani kwa rimoti, akakaza bolti za rafadha. Alipofungua kifuniko cha tangi aliona mafuta kidogo yamebaki ndani.

"Haya yametoka wapi?" akauliza.

"Labda yalibaki... matone tu," Kamshat akasema.

Mwalimu alimtazama kidogo. Watu walikuwa wamesimama wakingoja, bibi mbele yao katika kilemba chake cheupe. Akayanyonya yale mafuta, akatia mapya, akavuta choki ya kuwashia injini na kuizungusha rafadha kwa fimbo. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Ikakohoa tena. Mara ya nne ikanguruma, na umati ukapiga kelele za furaha. Bibi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kazi ya Kamshat ilikuwa kupiga magoti nyuma na kushika mkia, ndege isije ikaondoka kabla ya wakati. Ndiyo kazi aliyoifanya sikuzote kwa baba yake. Mwalimu akaongeza kasi kwa rimoti. Mngurumo wa injini ukapanda vizuri, ukasita, ukapanda tena. Watu hawakutambua kasoro yoyote. Mwalimu alikunja uso kidogo.

"Imelala mwaka mzima," akasema. "Itapata joto ikiwa angani."

Lakini Kamshat aliisikia mikononi. Ule mkia ulitetemeka, ukatulia, ukatetemeka. Injini ilikuwa inakosa mafuta pumzi kwa pumzi, na alijua ni kwa nini. Chini inaweza kujikongoja hivyo. Ikianza kupanda na kudai mafuta mengi, itazima. Aliinua macho. Mbele yake, kule ndege itakakopita, farasi walikuwa wamepangwa mstari, na migongoni mwao watoto tu. Yersin alikuwa wa tatu, akimpungia mkono kama mjinga.

"Achia!" mwalimu akaamuru.

Kamshat hakuachia.

"Kamshat! Achia mkia!"

"Zima, mwalimu!" alipiga kelele. "Zima! Sikulimwaga! Lilikaa na mafuta mwaka mzima! Nilikudanganya!"

Mwalimu Evald alizima swichi papo hapo. Rafadha ikasimama. Watu wa ukoo mzima, wazee kwa watoto, walikuwa wakimtazama yeye peke yake. Mwalimu alipiga magoti, akafungua kabureta palepale kwenye majani, akatoa kiwambo na kukikunja kwa vidole. Kilipaswa kuwa laini kama ngozi ya sikio. Kilikuwa kigumu kama ukucha.

"Ingezima na kuanguka kabla ya kumpita farasi wa mwisho," akasema kwa sauti ndogo.

"Kitengenezwe basi," mjomba mmoja akasema.

"Kipya hakipo mjini. Lazima kiagizwe."

Bibi Rysbala hakumgombeza mjukuu wake. Ingekuwa heri angemgombeza. Aliitazama ile ndege ya njano kwa muda mrefu, akageuka kuelekea uwanjani, akasema, "Waachieni farasi." Mashindano yakaanza, na mbingu juu yake ilikuwa tupu. Karamu ya mwaka hufanywa mara moja tu. Kamshat alikaa ardhini kando ya ndege akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Yersin alimaliza wa nne. Alikuja akiwa amejaa vumbi, akaketi karibu naye.

"Kwa hiyo ingenidondokea mimi?"

"Labda."

"Kichwa changu kigumu. Ingevunjika yenyewe." Alitaka kucheka ila hakuweza. Alimshika Kamshat bega.

Kiwambo kipya kilifika majani yakiwa yameshaanza kugandwa na baridi ya alfajiri. Mwalimu Evald hakumtoa Kamshat klabuni. Alimtaka aitengeneze injini ile mwenyewe, mwalimu amesimama tu kando. Kamshat alibadilisha kiwambo na mirija ya mafuta iliyokakamaa, akasafisha chujio na vitundu vya kabureta, akasugua plagi. Waliiwasha mara nyingi juu ya meza ya majaribio, wakirekebisha kidogo kidogo sindano za kabureta zinazopima mafuta, mpaka ikanguruma bila kusita.

"Injini mbovu siiogopi," mwalimu alimwambia walipokuwa wakinawa. "Nikiambiwa ilivyo, nitahangaika nayo mpaka ipone. Nikidanganywa, hata pa kuanzia sipajui. Siku ile nilikuwa nataka kuirusha juu ya watoto kwa sababu nilikuamini wewe."

"Bado unaniamini, mwalimu?"

"Kidogo. Imani iliyopotea utanirudishia kwa kazi yako."

Waliirusha siku ya kawaida, hakuna wageni wala dua, bibi na mama wamejifunika shali za sufu. Ilipanda moja kwa moja, ikageuka juu ya nyika na kupita mbele yao ikinguruma kama enzi za Berdibek mwenyewe. Mama alilia bila kujificha. Bibi alifuatisha macho mpaka ikatua.

"Kosa si lako peke yako," bibi alisema. "Farasi wa marehemu hapandwi, lakini hulishwa na kunyweshwa kila siku. Mimi wangu nilimfungia ndani mwaka mzima bila maji, nikaita heshima. Nisamehe, mjukuu wangu."

Maneno hayo yalimvunja Kamshat. Walipokuwa wakirudi, alimshika mama yake mkono wakabaki nyuma, akamweleza lile alilokuwa hajamwambia mtu: swali la baba garini, na jibu lake. "Neno langu la mwisho kwake lilikuwa la uongo, mama. Alijua? Unafikiri alijua?"

Mama yake, Nazym, alisimama. Kumfariji mtoto kwa kumdanganya kungekuwa rahisi, na mama alikataa.

"Sijui," akasema. "Hakuniambia kitu. Sitakuongopea kwamba alijua akakusamehe, ingawa najua alivyokupenda. Hilo tutalibeba pamoja, wewe na mimi. Lakini nisikilize, mwanangu. Baba yako ulichelewa kumwambia kweli. Yersin ulimwahi, na kwa kuwa ulimwahi, mama yake anaye mpaka leo. Kweli isemwe wakati anayepaswa kuisikia bado yupo. Usingoje upate ujasiri. Mtu anaweza kuondoka kabla ujasiri haujaja."

Ijumaa iliyofuata walikwenda makaburini wote wawili. Kamshat alisimama kwenye jiwe la baba yake, akaeleza yote kwa sauti, tangu upepo ule wa kuchoma masikio mpaka neno "tayari". Hakuruka kitu. Alipomaliza alisubiri kidogo, ingawa alijua kwamba hatajibiwa.