Njiwa wa Ghala la Avenel

Naapa kwa goti langu la chuma, nililowekewa baada ya kuendesha tramu maisha yangu yote, kwamba kila neno la hadithi hii ni kweli tupu. Pale ambapo sikuwepo, nimesimuliwa na waliokuwepo. Pale ambapo hapakuwa na mtu, basi nilikuwa jirani nikasikia, maana masikio yangu bado mapya.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai. Baridi ya Melbourne ilikuwa kali hadi kunguru wa Footscray wakawa wanakwenda kwa miguu, wanaogopa mabawa yasigande angani. Ukumbini kulikuwa na gulio la vifaa vya kompyuta vya mitumba. Nyaya zimemwagwa mezani kama tambi, harufu ya soseji na vitunguu inaingia kutoka nje, watu wanapigana vikumbo. Katikati ya vurugu hiyo, mikono miwili ikadaka kitu kimoja: pedali za kurushia ndege ya kompyuta, zile za kukanyaga kwa miguu.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Marnie Petrakis, fundi wa kushona mapazia. Alivaa koti la sufu rangi ya haradali na kilemba chekundu, na pini za kazini zilikuwa bado zimechomekwa kolani. Wa pili ulikuwa wa Anton Fenech, fundi vigae, bega pana, mabuti meupe kwa vumbi la saruji, macho ya mtu anayetafuta pa kukaa na hapaoni.

"Kaka, achia."

"Mimi ndiye niliyeanza kushika, dada."

"Umeshika waya. Pedali nimeshika mimi."

"Za nini kwako? Naona pini kolani. Unakwenda kuzifunga kwenye cherehani?"

"Nazifunga kwenye Cessna yangu, mpenda maneno. Tena mimi naruka kwa macho. Sifuati mstari wa GPS kama mbuzi aliyefungwa kamba."

Anton alikuwa mbuzi wa kamba tangu siku aliyonunua kompyuta. Lakini alimtazama yule mwanamke, akautazama ule mdomo unaocheka upande mmoja, akajisikia anasema, "Basi tuko wawili. Hata mimi naruka kwa macho tu."

Anton akaachia waya, Marnie akabaki na pedali. Anton akaondoka na namba ya simu.

Sisi watu wa kuruka kwa macho tunakaa nyumbani mbele ya kioo cha kompyuta, lakini usituambie tunacheza. Kwanza unafungua programu ya kupangia safari, unachora mstari juu ya ramani, unajaza upepo wa siku hiyo, nayo inakuambia uelekeze pua wapi na kila mji uutarajie dakika ya ngapi. Halafu unabandika karatasi juu ya GPS, unaruka. Unatazama nje dirishani: reli ile, mto ule, ghala lile la nafaka. Kuibandua karatasi katikati ya safari, kwetu, ni kama kuchungulia karata za mwenzako.

Wiki zile simu hazikupoa.

"Umekula?"

"Nimekula pastizzi, sambusa za jibini, mama kaleta. Wewe?"

"Nina sindano mdomoni, nitakulaje? Hebu sema, mpenzi, jana ulifika Ballarat?"

"Kwa macho yangu mawili!"

"Haya, jogoo wangu. Jumapili twende wote Shepparton. Kila mtu kwake, mbingu moja."

Jumapili wakaondoka uwanja wa Moorabbin, Marnie mbele, Anton nyuma, kila mmoja sebuleni kwake, simu mezani. Kompyuta zetu huchukua hali ya hewa ya kweli ya saa hiyo, na saa hiyo, kwenye pengo la milima pale Kilmore, mawingu yalikuwa yamelala chini kabisa.

"Mimi nageuza," Marnie akasema. "Sioni hata reli. Geuza na wewe, Anton."

"Naona nafasi kidogo. Nakwenda."

"Nafasi iko wapi?"

"Kulia. Nitakupigia nikifika."

Hakukuwa na nafasi. Mkono wa Anton ukabandua karatasi, akafuata mstari ndani ya wingu kama mtu anayepapasa ukuta wa choo gizani, akatokea Shepparton. Akapiga simu, sauti imejaa upepo wa ushindi.

"Nimefika, malkia!"

"Acha! Ulipitaje?"

"Chini, chini kabisa. Nikaikamata reli, nikapita Seymour, halafu Avenel nikaliona lile ghala la nafaka. Kubwa! Jeupe! Njiwa wamejaa juu."

"Njiwa?" Marnie akauliza taratibu.

"Njiwa, eeh. Wakaruka niliposogea."

Kwenye ramani ya programu, ni kweli, pale Avenel pana alama ya ghala la nafaka. Lakini kwenye ulimwengu wa kompyuta zetu ghala hilo halipo. Aliyeutengeneza ulimwengu ule alikosea, akasimamisha pale jengo la ghorofa nne, na roshani zake na nguo zimeanikwa, katikati ya shamba la ngano. Hakuna aliyepita Avenel kwa macho asilijue. Kwenye chama chetu cha warukaji tunaliita Hoteli ya Kondoo.

"Anton," Marnie akasema, "karatasi yako iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Ya GPS."

"Iko... iko mahali pake."

"Mwanamume niliyekaa naye kabla yako alianza hivi hivi, kwa vitu vidogo. Vikubwa nikaja kuvikuta nyumba nyingine, vina watoto. Dada yangu aliyeko Hobart, ng'ambo ya bahari, ananitaka nikashone naye. Nilikuwa namzungusha kwa sababu yako. Mwisho wa wiki nampa jibu. Kwaheri."

Wiki ile Anton hakukaa wala hakusimama. Alivaa shati ndani nje. Alianza chai tatu asimalize hata moja. Bafuni kwa mteja mmoja wa mtaa wa Sunshine alipanga vigae vya pomboo wote miguu juu, ingawa pomboo hawana miguu. Alipiga simu, haikupokelewa. Alikwenda dukani kwa Marnie akakuta mapazia yameshushwa. Akarudi, akazunguka mtaa, akarudi tena. Marnie naye, huku ndani, alipinda upindo mmoja akaufumua, akaupinda akaufumua, hadi kitambaa kikaota vinyweleo. Sanduku liko wazi kitandani. Kila akitia sweta, anaitoa.

Jumamosi mchana simu ikalia, akaipokea kwa hasira.

"Unataka nini?"

"Usikate. Sitaki kujitetea. Sikuona ghala. Sikuona kitu chochote, nilikuwa ndani ya wingu nafuata mstari. Na sijawahi kuruka kwa macho hata siku moja. Ballarat pia. Yote."

"Yote?"

"Pastizzi tu ndizo za kweli."

Marnie alitaka kucheka, akauma mdomo. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sasa hivi niko hewani. Nimebandika karatasi, tena kwa gundi ya vigae, haitoki mpaka Krismasi. Nilipita Kilmore vizuri nikielekea Shepparton. Na sasa..." Akahema. "Sasa nimepotea, Marnie. Sijui niko wapi."

Mtu asiye wa kundi letu hawezi kujua neno hilo linavyokwama kooni. Nawajua wanaume waliozunguka hewani hadi mafuta yakaisha, wakatua kwenye mashamba ya kabichi, kuliko walitamke.

Marnie alikaa pembeni mwa kitanda. Sanduku likaanguka.

"Upepo ulijaza?"

"Upepo gani?"

"Kwenye programu! Kile kisanduku cha upepo!"

"Nilikiacha sifuri."

"Ee Mungu wangu, na leo unavuma kutoka magharibi kama umetumwa. Umekusukuma mashariki siku nzima, mwanamume wewe. Sasa nisikilize. Unaona nini? Niambie unachokiona tu, usiniongezee hata mti."

"Naona mji mdogo. Reli inapita katikati."

"Barabara kuu je? Inaingia mjini au inauzunguka?"

"Inauzunguka."

"Vilima?"

"Kulia kwangu. Vingi."

"Njiwa?"

"Hakuna njiwa, Marnie. Hata mmoja."

Hapo akacheka kweli, machozi yakimtoka. "Uko Euroa. Usiende popote, zunguka hapo hapo juu ya mji. Washa taa za kutua nikuone. Nakuja."

Akawasha kompyuta, akachagua kuanzia uwanja wa Shepparton, maana kompyuta inakuweka utakapo, miguu yake ikakanyaga zile pedali za gulioni. Hakuchora mstari wowote, njia hiyo anaijua. Anton huku kwake alizunguka na kuzunguka, jasho mikononi, jicho kwenye mafuta, masikio kwenye simu anakosikia pumzi za Marnie. Mwisho ikaja nukta nyeupe kutoka kaskazini, ikawa na mabawa.

"Nakuona," Marnie akasema. "Umelala upande kama meza ya miguu mitatu. Nyoosha bawa. Haya, nifuate."

Wakaenda wawili juu ya mashamba ya njano. Na walipotua Shepparton, Anton alizima kompyuta, akavaa suti ya hariri nyeusi na tai ya dhahabu, akakodi ndege ya kweli, akatua barabarani mbele ya duka la mapazia, tramu zote zikasimama, akapiga goti kwenye reli na pete yenye jiwe kubwa kama kitunguu, na polisi wa Footscray wakaimba—

"Mzee Merv."

Merv ndiye mimi, na hadithi hii nilikuwa naisoma kwa sauti ukumbini kwetu, mbele ya chama kizima, na mlango wa nyuma sikuwa nauangalia. Marnie alikuwa amesimama pale na koti lake la haradali, Anton kando yake amebeba mfuko wa vitunguu.

"Suti gani?" Marnie akauliza. "Mtu huyu hana hata tai."

"Ninayo moja," Anton akasema.

"Ya mazishi. Mzee, hata kuniposa hakunipigia goti. Alikuwa anashuka kutua, gurudumu bado halijagusa, mara nasikia kwenye simu, 'Marnie, usiende Hobart, nioe.' Kinyumenyume hivyo hivyo."

"Ukamjibu nini, mama?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Nikamwambia, tua kwanza. Akatua. Akadunda kama mpira, akadunda tena, akaishia kwenye nyasi, bawa limechimba ardhi. Nikamuuliza, umetuaje? Akasema, vibaya sana." Alimtazama Anton, na ule mdomo ukacheka upande mmoja. "Nikampigia dada yangu atafute fundi mwingine."

Ukumbi ukapiga meza. Nilijaribu kusema kwamba polisi waliimba siku nyingine, lakini hakuna aliyenisikia, maana tayari walikuwa wanaagiza. Sheria ya chama chetu ni fupi: anayekamatwa na uongo, pai za nyama ni juu yake, za kila mtu, na sosi ya nyanya.

Nikatoa pochi. Anton akachukua pai mbili.