Chumba cha Kazi Kisicho na Mlango

Randa alikuwa seremala. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa sababu randa haikumtoka mkononi. Karakana yake ilikuwa uani, chini ya paa la mabati. Alitengeneza vitanda, meza na makabati, lakini sifa yake hasa ilikuwa milango. Mlango wa Randa haukulia, haukukwama, wala haukupitisha upepo.

Mke wake alikuwa muuguzi. Mtaa mzima ulimwita Nesi. Zamani alifanya kazi wodini, lakini sasa alipokea simu za wagonjwa. Mtu akiumwa, au akiwa na wasiwasi, alipiga simu. Nesi alimsikiliza, akamshauri la kufanya. Kila asubuhi alipanda basi kwenda ofisini.

Jioni moja alirudi anacheka peke yake.

"Baba watoto, wametukubalia kufanyia kazi nyumbani! Wanatupa kompyuta na hedifoni. Ila wanataka chumba kitulivu, chenye kufungwa."

"Stoo si ipo?" alisema Randa. "Tutatoa makorokoro yote, nikutengenezee ofisi. Wewe mke wa fundi bwana!"

Kabla ya stoo kuwa tayari, Nesi alianza kazi kwenye meza ya kulia. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Randa aliingia kunywa maji. Akamsikia mke wake akisema taratibu, kwa sauti laini, "Usilie, kaka yangu. Niko hapa. Niambie yote, sitamwambia mtu."

Glasi ilibaki hewani. Sauti ile aliijua. Aliisikia walipokuwa wachumba. Siku hizi yeye aliambiwa tu, "Kung'uta vumbi kabla hujaingia."

Alingoja simu iishe.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Siwezi kukuambia. Ni siri yake."

"Mimi ni mume wako!"

"Najua. Na yeye ni mgonjwa wangu."

Jibu hilo lilimwingia kama msumari kwenye ubao mkavu. Tangu siku hiyo Randa akawa mtu wa kiu. Aliingia ndani kunywa maji. Aliingia kutafuta penseli, na penseli iko sikioni. Kila akisikia "kaka yangu", alisimama kusikiliza.

Walipoanza kutengeneza stoo, walimwita jirani yao aje kutandaza nyaya. Huyu alikuwa mwanamke fundi umeme, na watu walimwita Bi Swichi. Alikuwa ameweka umeme katika ofisi nyingi, kubwa na ndogo.

Bi Swichi hakugusa waya kwanza. Alipapasa ukuta.

"Huu ukuta una unyevu. Mkipaka rangi sasa, itabanduka, na ukungu utakuja. Ukungu unaleta kikohozi. Maji yanatoka wapi?"

Walizunguka nje. Maji ya paa yalikuwa yakimwagika chini ya ukuta. Randa aliweka mfereji wa bati kwenye paa ili kuyapeleka mbali. Waliacha dirisha wazi mpaka ukuta ukakauka, ndipo wakapaka rangi nyeupe.

"Sasa soketi," alisema Bi Swichi. "Kompyuta ipate soketi yake ukutani. Msiunganishe waya wa nyongeza juu ya mwingine. Zikizidiwa zinapata moto, na moto hauna undugu. Wala msipitishe waya chini ya zulia."

Randa alileta meza. Aliiweka mbele ya dirisha, ikitazama karakana.

"Hapo hapana, shemeji," alisema Bi Swichi. "Mwanga ukitoka mbele unachosha macho. Ukitoka nyuma, kioo cha kompyuta kinang'aa, huoni kitu. Geuza meza, dirisha liwe ubavuni."

"Mimi napenda ikae hivi."

"Anayekaa ni wewe au mkeo?"

Randa aligeuza meza huku amenuna. Hakusema alichokitaka. Alitaka akiwa karakana auone uso wa mkewe anapoongea na hao kaka zake.

"Na mlango?" aliuliza Nesi.

"Utakuja. Mbao haijakauka. Kwa sasa tutundike pazia."

Bi Swichi alipiga makofi kwa kucheka. "Kweli penye miti hapana wajenzi!"

Nesi hakucheka.

Wiki zilipita. Milango ya watu ilitoka karakana, lakini wa Nesi haukutoka. Mbao kavu zilijaa, zimeegemea ukuta. Kisha msimamizi wa Nesi alipiga simu.

"Nasikia msumeno, na wagonjwa wanalalamika. Wanauliza nani mwingine anawasikia. Usipopata chumba cha kufungwa, nitalazimika kumpa mtu mwingine nafasi hii."

Nesi alimweleza mumewe neno kwa neno. Randa alitazama chini. "Mbao," alisema, "haijakauka."

Asubuhi moja hedifoni ya Nesi ilikatika waya katikati ya simu. Hakutaka kumkatia mgonjwa. Akawasha spika ya kompyuta, kwa sauti ya chini. Randa alikuwa amekwisha kunyata mpaka nyuma ya pazia, sikio kalitega.

"Nesi, nakojoa damu," ilisema sauti ya mwanamume. "Sijamwambia mke wangu. Naogopa."

"Usiogope, kaka yangu. Lakini damu si ya kungojea. Nenda hospitali leo hii ukapimwe. Utakwenda?"

"Nitakwenda."

Randa aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya mteja wake, yule mcheshi aliyeagiza kitanda kikubwa. Alirudi karakana miguu mizito, kama aliyeiba kitu asichokitaka.

Mchana mke wa mteja huyo alikuja kukitazama kitanda. Hakukitazama.

"Fundi, mume wangu siku hizi hasemi. Leo ametoka, simu kaizima. Ana mwanamke, nakwambia! Ninyi wanaume mnaambiana. Wewe hujui kitu?"

Randa alimwona mama yule macho mekundu, vidole vikivutavuta mkoba. Akajiona mwenyewe. Neno moja tu lingemtuliza. Lilimfika ulimini, akalimeza.

"Shemeji, akirudi mpokee kwanza. Maswali yaje baadaye."

"Kwa hiyo unajua kitu!"

"Najua kutengeneza vitanda, shemeji."

Jioni Randa alimwambia mkewe ukweli. "Leo nilikuwa nyuma ya pazia. Nimesikia."

Nesi alisimama. "Usiniambie umemsikia nani. Na usimwambie mtu, hata kwa ndoto! Unajua watu wakisikia siri zao zinavuja, hawapigi simu tena? Mtu anakaa na ugonjwa mpaka anakufa!"

"Nilikuwa naona wivu. Ile sauti yako... mimi hunipi."

Nesi alikaa tena.

"Sauti hiyo naitumia kutwa kwa wagonjwa, ikifika jioni imeisha," alisema. "Hilo ni kosa langu, na ungeniambia tungelizungumza. Lakini kuninyima mlango?"

Asubuhi Randa alichagua ubao mkavu kuliko yote. Bi Swichi alikuja kutazama.

"Mlango uwe mzito, usiwe na uwazi ndani," alisema. "Zungushia mpira kwenye fremu. Chini usiache nafasi. Halafu weka zulia na mapazia mazito, yanameza mwangwi. Lakini dirisha lifunguke, mtu anahitaji hewa. Na kiti, shemeji, umekipima?"

"Kiti kinapimwa?"

"Nyayo zikanyage chini vizuri. Viwiko vilingane na meza. Ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho. Ndiyo maana mkeo analalamika shingo."

Randa alipachika mlango, akakata miguu ya kiti na kuinua kompyuta juu ya kijukwaa cha mbao. Alikubaliana na Nesi kwamba msumeno utalia wakati wa mapumziko yake tu. Nesi naye akaanza kuinuka na kujinyoosha kati ya simu.

"Leo nakusikia wewe tu," msimamizi alimwambia. Nafasi yake ilibaki. Shingo iliacha kuuma.

Mteja na mke wake walikuja pamoja kuchukua kitanda. Bwana alikuwa amekonda, lakini mkewe alimshika mkono, akamkataza kubeba. Randa hakuuliza kitu. Alibeba yeye.

Wivu haukuisha siku moja. Mchana mmoja Randa alipeleka chakula ofisini. Alibisha, akangoja. Kwa ndani alisikia mvumo tu, bila neno hata moja. Akafunika sahani, akaiweka juu ya kistuli kando ya mlango. Akarudi karakana, akausogeza msumeno pembeni, akachukua msasa.

Msasa hauna kelele.