Kikomo cha Tisini

Maiti ya fundi wa tanuri ililala kifudifudi mlangoni pa chumba cha kuokea, ndani ya kiwanda cha biskuti. Daktari wa polisi aliinuka akipangusa magoti.

"Gesi ya sumu. Ile isiyo na harufu."

Inspekta aliwahoji wafanyakazi. Mashahidi wote walisema neno moja: king'ora kililia, kikanyamaza, marehemu akadhani hatari imepita, akaingia. Swichi ya king'ora ilikuwa mezani kwa mama mwendeshaji mitambo, na mama huyo sasa alikuwa na pingu mikononi.

"Ulikizima?"

"Sikukigusa, afande. Haki ya Mungu! Nilikimbia kumvuta mwenzangu."

"Kilijizima chenyewe?"

"Sijui. Nina mtoto ananyonya, afande. Nikifungwa nitamwachia nani?"

Meneja alidakia, "Muuaji mnaye. Niacheni niwashe tanuri, zamu ya mchana iko getini."

Haraka haraka haina baraka, Inspekta alijiambia. Akapitia kumbukumbu za kipimo cha gesi. Tisini na mbili, king'ora kinalia. Mia na nne, kimya. Mia na thelathini, kimya. Polisi wakafungua madirisha, gesi ikashuka hadi tisini na saba, king'ora kikalia upya.

"Kilipolia mara ya pili, huyu mama alikuwa wapi?"

"Tulishamtia pingu, afande," koplo alijibu. "Alikuwa nje, analia."

Basi hakukiwasha yeye. Inspekta alimnong'oneza koplo asimruhusu mtu yeyote kupita getini, kisha akamwita kijana aliyeandika programu ya king'ora, ambaye kiwandani walimwita Profesa.

"Programu yako ni nzima?"

"Nzima kabisa, afande." Jasho lilimchuruzika.

"Vizuri. Tanuri liwashwe, zamu iingie."

Profesa aliomba kwenda msalani. Inspekta akamfuata kwa kunyata, akamsikia nyuma ya mlango akiongea kwa simu: "Mke wangu, usiingie kazini leo. Usiniulize! Sema unaumwa."

Mlango ulipofunguliwa wakakutana uso kwa uso.

"Kwa nini asiingie?"

Profesa akaketi sakafuni kama mzigo uliotuliwa.

"Programu hupokea mipangilio yote kama maandishi, afande, hata kikomo cha gesi. Kikomo ni tisini; gesi ikipita hapo king'ora hulia. Lazima kwanza maandishi yageuzwe kuwa namba."

"Yasipogeuzwa?"

"Hulinganishwa tarakimu moja moja kuanzia kushoto. Mia na nne huanza na moja, tisini huanza na tisa. Programu inaona mia na nne ni ndogo."

Sasa Inspekta alielewa. Gesi ilipopita mia, mashine iliamini kwamba imepungua.

"Nani aliondoa hatua ya kugeuza?"

"Mimi. Programu ilikuwa ikikataa kuwaka mipangilio ikiandikwa vibaya. Siku ya ukaguzi meneja aliandika kikomo kwa namba akaongeza maneno, ikagoma. Akanifokea mbele ya wageni, akasema nikishindwa nifungashe virago. Nikaiondoa hatua hiyo, programu ikawaka. Nilisema nitairudisha jioni. Nikaona aibu kuigusa tena, maana mambo yalikuwa yakienda vizuri."

"Leo ulijua saa ngapi?"

"Nilipoziona zile namba. Kabla hamjamtia pingu yule mama."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa, afande. Niliogopa sana."

"Mkeo umempigia. Wenzake wa zamu umempigia nani?"

Profesa akanyoosha mikono yote miwili mbele bila kuambiwa.